Kuhamishia mfumo wa kampuni kwenye wingu, ukiwa Dar

Simu huwa inakuja Jumatatu asubuhi. Umeme ulikatika usiku, UPS ikaishiwa chaji saa nane, na seva iliyowekwa chini ya ngazi, pembeni ya ndoo ya deki, haiwaki. Keshia kakaa, mhasibu kakaa, wateja wanachungulia kaunta. Bosi akishapoa kidogo anauliza: "Hivi hii kitu si tungeiweka kwenye wingu, yakaisha?"

Kuiweka mnaweza. Yakaisha, hapana. Nimehamisha mifumo kadhaa kutoka ofisi za Kariakoo, Gerezani na Barabara ya Nyerere, na kila mara seva yenyewe ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kilichotutoa jasho ni vile vilivyobaki ofisini: printa, mashine ya risiti, laini ya intaneti, na mtu aliyebonyeza F8 kwa miaka tisa na hataki kusikia habari ya kitufe kingine. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ofisini. Kwenye wingu, yaani seva ya kukodi inayofikiwa kwa intaneti, tutafika.

Namlenga mwenye kampuni ya kati: watumiaji kumi na tano hadi sitini, ofisi moja mjini, stoo moja Vingunguti au Mbagala, labda na tawi Mwanza. Mfumo wa hesabu na mauzo ni Tally, Sage, SAP Business One, Dynamics NAV, Odoo, au ule aliouandika kijana fulani mwaka 2013 kisha akahamia Dodoma. Benki na taasisi za serikali zina masharti yao mengine, humu sizigusi.

1. Fuata waya

Chukua karatasi, nenda mpaka kwenye seva, fuata kila waya unaotoka. Andika unaishia wapi. Usimuulize meneja, fuata kwa miguu. Siku mbili zinatosha, na kwa maoni yangu hizo ndizo siku mbili zenye faida kuliko zote katika kazi hii.

Cha kwanza kutafuta ni namna mfumo unavyozungumza na TRA. Kama keshia anapiga risiti kwenye EFD ya mezani inayojitegemea, kisha anaingiza mauzo kwenye mfumo kwa mkono, una bahati: mashine inabaki pale ilipo na haijui hata kwamba seva imehama. Kama mnatumia kifaa cha kusaini ankara, kile mafundi wanachokiita ESD, hapo tulia. Kifaa hicho kinakaa kati ya mfumo na printa, na kinategemea kompyuta iliyo jirani yake. Seva ikienda Johannesburg, ESD haiendi. Itabidi kompyuta moja ndogo ibaki ofisini, ipokee ankara kutoka kwenye wingu, iisaini, iichape. Kama mnatumia VFD, yaani risiti zinatumwa TRA moja kwa moja kwa intaneti, kuhama ni rahisi zaidi, ila kuna mtego: risiti zina namba zinazofuatana, na kifaa kimoja cha VFD kina cheti chake kimoja. Cheti na mipangilio vihame pamoja, na mfumo wa zamani uzimwe kutuma kabla wa mpya haujatuma risiti ya kwanza. Seva mbili zikituma kwa wakati mmoja, namba zitagongana, na utakaa na mtoa huduma wako wa VFD siku nzima mkizipanga upya.

Cha pili ni printa za karatasi za kaboni, zile zinazolia kama cherehani. Meneja atakwambia hazitumiki tena. Nenda stoo uone.

Cha tatu ni leseni. Programu nyingine zina kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye USB nyuma ya seva, kimeshika vumbi na hakuna anayekikumbuka. Kwenye wingu hakuna mahali pa kukichomeka. Nyingine leseni yake imefungwa kwenye mashine yenyewe. Tally, kwa mfano, inataka uisalimishe leseni kutoka mashine ya kwanza kabla ya kuiwasha kwenye ya pili. Mpigie aliyekuuzia kabla hujalipia chochote, umuulize kwa maandishi kama mkataba unaruhusu programu kukaa kwenye seva ya kukodi.

Cha nne: benki na kampuni za simu zilizounganishwa na mfumo wako. Kwa kawaida zimeruhusu anwani ya IP ya ofisi yako tu, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti. Seva ikihama, anwani inabadilika, na kuibadilisha kwao kunadai barua yenye muhuri na kusubiri. Barua hiyo iandike mapema, wiki tatu kabla, hata kama tarehe bado inajadiliwa.

Vingine andika tu: mashine ya vidole ya mahudhurio, mizani ya getini, folda ya Excel ya pamoja, na zile kazi zinazojiendesha saa sita usiku ambazo aliyezitengeneza hayupo.

2. Angalia umri wa unachokihamisha

Fungua seva uone toleo. Windows Server 2012 R2 iliacha kupokea marekebisho ya usalama 10 Oktoba 2023. SQL Server 2014 iliishia 9 Julai 2024, na ya 2016 mwisho wake wa kawaida ni 14 Julai 2026. Kuiweka programu iliyokwisha muda kwenye mashine inayofikiwa na dunia nzima ni kuhamia nyumba isiyo na mlango.

Wengi hapo hushawishika kufanya yote kwa pamoja: wahame, wapandishe toleo, wabadilishe na mpangilio wa akaunti kwa sababu "si tunaanza upya?" Usifanye. Kitu kikiharibika hutajua kimeharibiwa na nini. Pandisha toleo kwanza hapahapa ofisini, litumike mwezi mzima, likishatulia ndipo uhame.

Kuna pia njia ya kuachana na seva kabisa na kulipia mfumo unaoendeshwa na mtengenezaji wake mwenyewe. Ni njia nzuri kwa anayeanza. Kwa kampuni yenye miaka kumi ya hesabu na ripoti alizoandikiwa bosi peke yake, mimi huanza na kuihamisha seva kama ilivyo. Bei yake haishuki sana, hilo nakiri.

3. Chagua ni wingu la wapi

Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine iliyo mahali fulani, na mahali hapo pana umbali. Kwa ukanda wetu, vituo vikubwa viko Afrika Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, Google wakafuata Johannesburg mwaka 2024. Hapa Dar vipo vituo vya data vya ndani, kikiwemo kile cha taifa pale Kijitonyama, na kampuni kadhaa zinakodisha seva.

Umbali unaumaje? Chukua programu ya zamani, ile iliyowekwa kwenye kila kompyuta na kuongea na hifadhidata moja kwa moja. Mhasibu akifungua daftari la mteja, programu inaweza kuuliza maswali mia mbili madogomadogo: jina nani, deni kiasi gani, ankara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ofisini kila swali linachukua milisekunde 1, jumla sehemu ya tano ya sekunde, haoni kitu. Peleka hifadhidata mahali ambapo kwenda na kurudi ni milisekunde 60, maswali yaleyale mia mbili ni sekunde 12. Kwa kila skrini. Kufikia saa tano atakuwa amekuchukia, na ana haki. Kuongeza kasi ya bando hakusaidii hapa, maana tatizo si upana wa barabara bali urefu wake.

Dawa ni kuihamisha programu pamoja na hifadhidata, vikae chumba kimoja huko huko, na mtumiaji aone picha ya skrini tu kwa njia ya kompyuta ya mbali. Kinachosafiri ni picha na vibonyezo. Mifumo inayofunguliwa kwenye kivinjari, kama Odoo, haina shida hii kwa kiwango hicho.

Kabla ya kusaini, kodi mashine ndogo ya majaribio kwa wiki moja kila unapopafikiria, na upime kwa ping, amri inayoonyesha milisekunde za kwenda na kurudi, kutoka kwenye meza ya keshia: saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, na siku ya mvua. Usipime ukiwa nyumbani kwako Mikocheni usiku.

Halafu kumbuka 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kubahatisha. Waliokuwa na seva hapa Dar, kwa laini ya mtoa huduma anayebadilishana data hapahapa nchini, walikuwa na nafuu. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na hapo aliye na wingu la mbali na aliye na la karibu walikaa benchi moja. Sisemi usihame. Nasema nakala ya jana ya orodha ya wadaiwa, bei na salio la stoo iwepo kwenye kompyuta moja ofisini kila jioni, hata kama ni faili la Excel tu, pamoja na vitabu vya ankara za mkono kwenye droo.

4. Laini mbili, zisizo ndugu

Faiba moja haitoshi. Wengi hununua faiba mbili kutoka kampuni mbili, kumbe zote zinapita mtaro mmoja, na tingatinga likichimba barabara linakata zote kwa mkupuo. Waliokaa kando ya Barabara ya Nyerere wakati wa ujenzi wa mwendokasi wanaelewa. Laini ya pili iwe ya hewani: ruta ya 4G au 5G, au antena ya paani. Ruta kuu ihamishe yenyewe bila mtu kuchomoa chochote.

Jaribio lake ni moja. Siku ya kazi, saa tano asubuhi, chomoa faiba mbele ya bosi. Kama keshia hakugeuka kukuangalia, laini zako ni nzuri.

Weka pia UPS ndogo kwa ajili ya ruta na swichi peke yake. Seva imeondoka lakini umeme wa kukatika haukuondoka nayo, na nimeona ofisi iliyouza jenereta kwa furaha ya kuhama ikainunua tena baada ya miezi miwili.

5. Sheria, na kadi ya nani

Ndani ya mfumo wako mna mishahara, namba za NIDA, akaunti za benki na simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa hizo ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi. Ukichagua Johannesburg, hilo ni swali la mwanasheria wako kabla ya kuhama, si baada. Mkataba na mtoa huduma utaje data zinakaa nchi gani, zinarudishwa vipi mkiachana, na zinafutwa lini.

Bei ya watoa huduma wa nje ni kwa dola. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600, na bajeti zilizopigwa Januari zikapwaya. Mtoa huduma wa ndani anatakiwa akutoze kwa shilingi, kwa kanuni za 2025 zinazokataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mhasibu naye aulize mapema kodi zinazohusu kumlipa mtu asiye mkazi.

Jambo linaloua wengi lakini ni dogo mno: akaunti ya wingu imefunguliwa kwa barua pepe ya fundi, na inalipiwa kwa kadi ya meneja aliyeacha kazi mwezi uliopita. Malipo yanakataa, onyo linakwenda kwenye barua pepe isiyosomwa, na siku moja mfumo unazimwa. Fungua kwa barua pepe ya kampuni, weka watu wawili wenye mamlaka, na ufunguo wa dharura uufungie kwenye sefu ya mhasibu mkuu. Mimi fundi nakwambia: usiniachie mimi.

6. Kufuli

Ukiiweka seva ya Windows kwenye wingu na kuacha mlango 3389, ule wa kompyuta ya mbali, wazi ili watu waingie kirahisi, roboti za wahuni zitaanza kujaribu nywila siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo makampuni mengi yamejikuta faili zote zimefungwa na mtu anadai bitikoini. Kuingia kuwe kwa VPN tu, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti, na kila mtumiaji awe na uthibitisho wa pili kwenye simu yake. Bakapu ikae kwenye akaunti nyingine yenye nywila nyingine, maana aliyeingia kwenye seva hutafuta bakapu kwanza. Na mara moja kwa mwezi irudishe kwenye mashine tupu uone kama inafunguka.

7. Hama kwa uongo kwanza

Fanya safari nzima mara moja bila kumwambia mtu kuwa ni ya kweli. Chukua bakapu, ipeleke, iwashe, ujipime muda. Hesabu yake ni rahisi: gigabaiti 120 kwa laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde ni zaidi ya saa 13, laini ikiwa haijatetereka hata mara moja. Usiku mmoja hautoshi. Kwa hiyo bakapu kubwa itume Alhamisi, na Jumamosi usiku utume mabadiliko ya siku hizo mbili tu. Kama kituo kiko hapahapa mjini, diski ndani ya begi kwa bajaji hadi Kijitonyama inaishinda faiba yoyote, hata kukiwa na foleni Ubungo. Funga data kwa nywila kabla ya kupanda.

Seva ya majaribio ikishawaka, linganisha pande mbili: urari wa hesabu, jumla ya wadaiwa, jumla ya wadai, namba ya ankara ya mwisho, na salio la bidhaa ishirini unazozichagua mwenyewe. Zilingane mpaka senti. Kisha waite wanaotumia mfumo kweli. Dada wa kaunta atagundua kwa dakika kumi kitu ambacho meneja wa IT hatakiona kwa wiki, kwa mfano kwamba tarehe imegeuka, mwezi umekuja mbele ya siku.

8. Tarehe

PAYE, kodi ya mishahara, inalipwa kufikia tarehe 7, ritani ya VAT kufikia tarehe 20. Mwisho wa mwezi kuna kufunga hesabu na mishahara. Ukiangalia kalenda hiyo vizuri, dirisha lililobaki ni wikiendi ya kwanza baada ya tarehe 20. Wengine hupenda Pasaka kwa sababu ina siku nne. Mimi siipendi: wewe una siku nne, na mtu wa msaada wa mtoa huduma yuko Moshi kwa wazazi wake.

Jumamosi saa kumi na moja jioni watumiaji wote watoke. Mashine ya risiti itoe ripoti ya Z, ile ya kufunga mauzo ya siku. Chukua bakapu ya mwisho, kisha weka mfumo wa zamani katika hali ya kusoma tu, mtu asije akaingiza ankara ya saa kumi na mbili kasoro. Tuma, washa, linganisha tena zile namba. Jumapili asubuhi watu watatu waje: kaunta, stoo, hesabu. Kila mmoja afanye kazi yake moja kuanzia mwanzo hadi karatasi itoke mkononi.

9. Jumatatu

Hii imenipata, kwenye kampuni moja ya vifaa vya ujenzi. Jumapili tulijaribu kila kitu pale ofisi ya mjini, kikakubali. Stoo sikwenda, nikaamini kwamba printa ni printa. Jumatatu saa mbili na nusu simu ikalia, ni stoo, na shida ni delivari, zile hati za kutolea mzigo.

"Kaka, delivari hazitoki."

"Hazitoki kabisa, au zinatoka vibaya?"

"Zinatoka herufi moja, karatasi inaruka, herufi moja, karatasi inaruka. Na dereva wa Morogoro anapiga honi."

Ilikuwa printa ya kaboni. Mfumo ulipokuwa ofisini uliipelekea maandishi matupu, sasa kompyuta ya mbali ilikuwa inaigeuza kila delivari kuwa picha. Malori manne yalikuwa yamepanga getini, bati na nondo zimepakiwa, na bila delivari yenye muhuri mlinzi hafungui. Mama wa stoo alitoa kitabu cha mkono kwenye droo, akaandika nakala tatu tatu kwa kalamu, malori yakatoka. Mimi nilifika saa nne, nikaweka kwenye seva dereva ya maandishi matupu, yaani programu ya kuiendesha printa hiyo, ikaanza kulia kama kawaida yake. Tangu siku ile stoo ndiyo naanza nayo.

Kabla ya Jumatatu, andikeni mstari wa kurudi nyuma na nani anaamua. Sisi huweka saa nne asubuhi. Mpaka hapo, kama ankara haziwezi kutoka, tunarudi kwenye seva ya zamani, na zile chache zilizoingia kwenye mpya zinaandikwa upya kwa mkono. Kila saa inayopita baada ya hapo inaongeza ankara za kurudia, na ikifika jioni hakuna tena kurudi, mnasonga mbele tu mkirekebisha.

Kaa ofisini siku tatu za kwanza. Si kwa simu, kaa pale.

10. Seva ya zamani

Usiiuze wiki hiyo. Ichomoe kwenye mtandao, iwashe mara moja moja, ingojee mpaka ritani moja ya VAT imekwenda na mwezi mmoja umefungwa kwenye mfumo mpya. Bili ya kwanza ya wingu isome mstari kwa mstari. Mara nyingi utaikuta ile mashine ya majaribio ya hatua ya tatu bado inawaka na inalipiwa.

Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka mitano, kwa hiyo bakapu moja kamili ya siku ya kuhama iende kwenye diski ya nje, iandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito, ikae kwenye sefu pamoja na maelezo ya toleo la programu linaloifungua. Diski za ndani ya seva zifute kwa programu ya kufutia, au zitobolewe kwa drili, kabla fundi wa Kariakoo hajaja kutoa bei ya boksi tupu.